Uvuvi wa mafungu ya Kiritimati

Uvuvi wa mafungu ya Kiritimati ni uvuvi wa maji ya kina kifupi unaofanyika katika kisiwa cha Kiritimati, nchini Kiribati, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Mvuvi hushuka chomboni, hutembea kwa miguu juu ya mchanga mweupe huku maji yakimfika magotini au chini yake, na humtafuta samaki kwa macho kabla ya kurusha mshipi. Samaki anayetafutwa zaidi ni Albula glossodonta, ambaye kwa lugha ya Kikiribati huitwa ikari.

Samaki huyo ana kazi mbili kisiwani. Kwa wageni ni mchezo: humvua, humtazama kidogo, kisha humrudisha majini. Kwa wenyeji ni kitoweo, na wakati huohuo ni chanzo cha mishahara ya waongozaji, wapishi, madereva na wenye nyumba za wageni. Mabishano mengi kuhusu uvuvi huu, hasa yale ya nyavu, yanatokana na hali hiyo.

Mahali

Kiritimati ni atolli, yaani kisiwa kilichojengwa na matumbawe kuzunguka wangwa wa maji ya chumvi. Iko karibu digrii 2 kaskazini mwa ikweta, katika kundi la Visiwa vya Line. Nchi kavu yake ina takriban kilomita za mraba 388, na kwa hesabu hiyo ni atolli kubwa kuliko zote duniani. Ni karibu nusu ya ardhi yote ya Jamhuri ya Kiribati, ingawa wakazi wengi wa nchi wanaishi Tarawa, zaidi ya kilomita 3,000 upande wa magharibi.

Jina la kisiwa huwashangaza wasomaji wengi. Katika maandishi ya Kikiribati herufi "ti" hutamkwa kama "s", kwa hiyo Kiritimati husomwa "Kirismas". Nahodha James Cook alifika hapo tarehe 24 Desemba 1777, mkesha wa Krismasi, akakiita kwa jina la sikukuu. Vijiji navyo vina majina ya mbali: London, Poland, Banana, na Paris ambayo sasa ni mahame. London na Paris zinatazamana kuvuka mlango wa wangwa.

Wangwa umefunguka kwa bahari upande wa kaskazini-magharibi tu, na mlango wenyewe umegawanywa na kisiwa kidogo cha Cook. Maji ya bahari huingia hapo na kusambaa kuelekea kusini-mashariki, ambako wangwa huvunjika kuwa mamia ya mabwawa na vijito. Kadiri unavyokwenda ndani ndivyo maji yanavyozidi kuwa na chumvi, kwa sababu mvua ni chache na jua ni kali. Kati ya mlango na mabwawa hayo ndipo penye mafungu.

Mafungu na mwendo wa maji

Fungu ni eneo la mchanga, au mchanga uliochanganyika na vipande vya matumbawe, ambalo hufunikwa na maji kidogo wakati wa kujaa na kubaki karibu tupu wakati wa kupwa. Baadhi ya mafungu ya Kiritimati yana upana wa mita mia chache tu. Mengine yanaenea hadi macho hayafiki mwisho. Pembeni mwa fungu mchanga hushuka ghafla kwenye mkondo wa maji ya buluu. Ukingo huo ni muhimu, maana ndiyo njia ambayo samaki hupanda nayo.

Msomaji wa Unguja, aliyezoea bamvua linaloweza kupandisha maji karibu mita 4, ataona mawimbi ya kujaa na kupwa ya Kiritimati kuwa madogo mno: kwa kawaida tofauti haifiki mita 1. Lakini fungu ni tambarare kama sakafu. Maji yakipanda shibiri moja, eneo kubwa ambalo lilikuwa kavu hugeuka malisho. Ikari huingia na maji yanayojaa, vichwa chini, wakitafuta kaa, kamba, minyoo ya baharini na kombe waliojifukia mchangani. Maji yakianza kupwa, hurudi mkondoni. Pia, kwa kuwa mlango wa wangwa ni mmoja, maji hayajai kila mahali kwa saa ileile: fungu lililo karibu na London hujaa mapema, na lile la ndani hujaa baadaye. Mwongozaji anayejua kazi yake humhamisha mgeni kutoka fungu hadi fungu akifuata maji hayo, na hivyo hupata saa nyingi za kuvua kwa siku moja.

Ikari

Albula glossodonta ni samaki wa rangi ya fedha, mwembamba, mwenye pua iliyochongoka na mdomo ulio upande wa chini, unaofaa kuchimbua mchanga. Kooni ana sahani ngumu za kusagia magamba ya kaa na kombe. Nyama yake ni tamu lakini ina miiba mingi midogo. Kiritimati wengi wana uzani wa kilo 1 hadi 2, na wakubwa huzidi hapo. Spishi hii ilielezwa kitaalamu mwaka 1775 kutokana na samaki wa Bahari ya Shamu, katika maandishi ya Peter Forsskål. Inapatikana kuanzia mwambao wa Afrika ya Mashariki na Shelisheli hadi Hawaii. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira umeiweka katika orodha ya spishi zilizo hatarini kiasi.

Magamba yake hufanya kazi kama kioo. Samaki akisimama juu ya mchanga mweupe, mwili wake huakisi mchanga na hauonekani. Kinachoonekana ni kivuli chake, au doa la kijani hafifu linalosogea, au, maji yakiwa machache sana, ncha ya mkia inayojitokeza juu anapochimbua. Kutambua kivuli kile katikati ya vivuli vya mawingu na mawe ni sehemu kubwa ya uvuvi huu, na wageni wengi hushindwa siku za kwanza ilhali mwongozaji aliye kando yao anaona kundi zima.

Uzazi wa ikari ndio unaofanya awe rahisi kuangamizwa. Hataagi fungu kwa fungu. Siku zinazozunguka mwezi mpevu, samaki waliopevuka hukusanyika kwa makundi makubwa, hutoka wangwani kwa njia zilezile za kila mwezi, na kwenda ukingo wa nje wa mwamba. Uchunguzi uliofanywa Bahamas juu ya spishi ya karibu, Albula vulpes, umeonyesha kwamba jioni makundi hayo hupanda juu na kumeza hewa, kisha usiku huzama kwenye kilindi cha zaidi ya mita 100 na kutaga huko. Mayai hupasuka na kutoa vibuu vyembamba, vya uwazi, vilivyo kama utepe, vinavyofanana na vibuu vya mikunga. Hivyo huelea baharini kwa wiki kadhaa kabla ya kurudi kwenye maji mafupi.

Kwa maneno mengine, samaki ambaye siku nyingi ametawanyika katika mafungu mengi, kwa siku chache za mwezi anapita kwenye mlango mmoja. Anayejua siku na njia anaweza kumpata kwa wavu bila taabu.

Namna ya kuvua

Wageni huvua kwa ufito mrefu na chambo bandia cha manyoya. Katika uvuvi wa kawaida wa mshipi, uzito wa chubwi au wa chambo ndio unaobeba mshipi mbali. Chambo cha manyoya hakina uzito wa kutosha; hapa mshipi wenyewe ni mnene na mzito, na mvuvi huupeperusha nyuma na mbele hewani mpaka upate nguvu ya kuruka. Mwisho wa mshipi huo hufungwa uzi mwembamba usioonekana, na ndoana huwa mwisho wa uzi. Ufito wa ikari huwa wa namba 8, kwa vipimo vinavyotumiwa na watengenezaji.

Vyambo vyenyewe ni vidogo, vingi vya rangi ya mchanga, waridi au chungwa, na hufungwa macho ya shanga za chuma ili vizame na ndoana ielekee juu isikwame mchangani. Mfano unaojulikana zaidi, Crazy Charlie, haukutoka Pasifiki. Ulibuniwa na Mmarekani Bob Nauheim mwaka 1977 baada ya kuvua katika kisiwa cha Andros, Bahamas, na ukapewa jina la mwongozaji wake wa huko, Charlie Smith.

Mvuvi na mwongozaji hutembea polepole, jua likiwa nyuma yao ikiwezekana, wakivaa miwani inayokata mng'aro wa maji. Mwongozaji huonyesha samaki kwa mfano wa saa: "saa tano, mita 15". Chambo hutupwa mbele ya samaki, mita moja au mbili, kikaachwa kizame, kisha kikavutwa kwa mkono kidogokidogo kama kamba anayekimbia. Akikifuata na kuinamisha kichwa, mvuvi huvuta mshipi moja kwa moja kwa mkono. Aliyezoea kuvua mtoni huinua ufito juu mara anapohisi mguso, na hapo chambo huchomoka mdomoni. Waongozaji hulalamikia kosa hilo kuliko jingine lolote. Samaki aliyenaswa hukimbilia mkondoni kwa kasi na anaweza kuvuta mshipi mita 100 na zaidi kabla ya kusimama.

Upepo wa biashara huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Unapoza joto, lakini unasumbua urushaji na kuvuruga uso wa maji. Mawingu ni kero kubwa zaidi, kwa sababu bila jua vivuli hupotea na mvuvi hubaki kipofu.

Kumwachia samaki kuna utaratibu wake. Ndoana hubanwa kijino chake ili itoke kwa urahisi, samaki hushikwa kwa mikono iliyolowa na hainuliwi nje ya maji ila kwa muda mfupi. Hii si adabu tu. Mafungu yana papa wengi wadogo wenye ncha nyeusi za mapezi, na ikari aliyechoka, anayepepesuka kwa kukosa hewa, huliwa dakika chache baada ya kuachiwa. Utafiti wa Bahamas ulionyesha kwamba samaki walioachiwa wakiwa wamepoteza mizani walishambuliwa mara nyingi zaidi kuliko waliorudi majini wakiwa wima. Mgeni anayepiga picha nyingi, basi, huenda amemuua samaki anayesema amemwachia.

Samaki wengine

Kolekole mkubwa (Caranx ignobilis) hupita ukingoni mwa mafungu akiwinda, na kwa ajili yake hubebwa ufito wa namba 12. Huvunja vifaa, hukata mshipi kwenye matumbawe, na wapo wageni wanaosafiri kwa ajili yake peke yake. Kolekole wa mapezi ya buluu (Caranx melampygus) ni mdogo na hupatikana zaidi. Vikande hulisha penye mawe wakiwa wameinua mikia, na ni wagumu kudanganywa. Meno yao hupinda ndoana. Mwatiko (Chanos chanos) yupo pia kwa wingi, ila chakula chake kikubwa ni mwani na vijidudu, hivyo hashiki chambo kwa urahisi.

Historia

Wazungu walipofika hapakuwa na wakazi, ingawa kuna mabaki yanayoonyesha kwamba Wapolinesia waliwahi kukaa au kupita. Mwanzoni mwa karne ya 20 Emmanuel Rougier, padre Mfaransa aliyegeuka mfanyabiashara, alikikodi kisiwa na kupanda minazi mingi sana. Majina ya London na Paris yanatokana na kipindi chake. Wafanyakazi wa mbata waliletwa kutoka visiwa vingine, na ndio walioanza kuishi kwa samaki wa wangwa.

Mwaka 1957 na 1958 Uingereza ilifanya majaribio ya mabomu ya nyuklia katika eneo la kisiwa, na mwaka 1962 Marekani ikafanya mengine 24. Wanajeshi waliacha barabara za lami na viwanja vya ndege, na hoteli ya kwanza ya wavuvi ilianzishwa penye kambi yao ya zamani. Ni jambo la kushangaza, lakini bila miundombinu hiyo ya vita pengine utalii usingefika huko kabisa.

Kiribati ilipata uhuru tarehe 12 Julai 1979. Katika miaka ya 1980 habari za mafungu ya Kiritimati zilienea miongoni mwa wavuvi wa Marekani, ambao hadi wakati huo walikuwa wakienda Florida, Bahamas na Belize. Faida ya Kiritimati ilikuwa wingi wa samaki na mchanga mgumu unaokanyagika. Penye matope laini mvuvi hulazimika kubaki chomboni.

Safari kutoka Honolulu huchukua kama saa 3 kwa ndege. Tangu Kiribati ilipohamisha mstari wa tarehe mwaka 1995, Kiritimati na Hawaii zina saa ileile lakini siku tofauti: anayeondoka Honolulu Jumanne hutua Jumatano. Kwa miaka mingi ndege imekuwa moja tu kwa wiki, na hivyo mgeni hukaa wiki nzima, apende asipende.

Ndege hiyo moja ndiyo pia udhaifu wa biashara yote. Inapokatizwa, kisiwa hubaki bila wageni. Mwaka 2020, kutokana na UVIKO-19, Kiribati ilifunga mipaka yake kwa zaidi ya miaka miwili, na waongozaji walirudi kwenye mbata na kuvua kitoweo.

Waongozaji

Waongozaji wa Kiritimati ni wenyeji, na wengi walijifunza mafungu utotoni wakivua kwa mshipi wa mkono na nyavu kabla ya kushika ufito. Baadhi ya kazi hurithiwa katika ukoo. Katika kisiwa ambacho ajira nyingine za fedha ni serikali, mbata na biashara ndogo, mshahara wa mwongozaji hulisha watu wengi. Mapato makubwa ya taifa hutoka kwenye leseni za meli za kigeni zinazovua jodari, lakini fedha hizo hupitia hazina. Zile za mafungu hufika kijijini moja kwa moja.

Hata hivyo, si kila kaya ina mwongozaji. Kwa familia isiyo na mtu hotelini, ikari ni samaki wa kula, na kumwambia baba wa familia amwache samaki majini ili mgeni amvue na kumwachia tena si hoja rahisi.

Mfano wa Tarawa

Wanaohofia mustakabali wa Kiritimati hutaja kisiwa kingine cha nchi hiyohiyo. Katika wangwa wa Tarawa ikari alikuwa miongoni mwa samaki muhimu kabisa wa chakula. Baada ya miaka ya 1960 idadi ya watu wa Tarawa Kusini iliongezeka haraka, na visiwa vidogo vikaunganishwa kwa barabara zilizojengwa juu ya maji. Ile ya Betio na Bairiki ilikamilika mwaka 1987. Barabara hizo ziliziba baadhi ya njia za samaki kati ya wangwa na bahari. Wakati huohuo nyavu za nailoni na mashua za injini zilienea, na wavuvi wakawa wanayasubiri makundi yanayokwenda kutaga.

Mwaka 2000 watafiti Robert Johannes na Being Yeeting walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na wavuvi wazee wa Tarawa. Wazee walikumbuka misafara kadhaa ya uzazi, kila mmoja na njia yake. Kwa wakati huo karibu yote ilikuwa imekwisha. Elimu hiyo haikuwa imeandikwa na ofisi yoyote ya uvuvi. Ilikuwa vichwani mwa watu ambao babu zao walivua siku zilezile za mwezi.

Kiritimati bado haijafika hapo, lakini baadhi ya masharti yaleyale yapo. Serikali imekuwa ikiwahamasisha watu wahamie kutoka Tarawa iliyosongamana, na wakazi waliongezeka kutoka 5,115 mwaka 2005 hadi 7,369 mwaka 2020.

Ulinzi

Utumiaji wa nyavu umezuiwa katika baadhi ya sehemu za wangwa, na visiwa vidogo kadhaa vya ndani ni hifadhi za ndege ambako hairuhusiwi kutua bila kibali. Ugumu upo katika usimamizi. Wangwa ni mkubwa, walinzi ni wachache, na wavu hutegwa usiku. Waongozaji wenyewe, ambao wako majini kila siku, mara nyingi ndio wanaogundua nyavu kwanza; lakini mwenye wavu huwa ni jirani au ndugu, na kumshtaki ndugu kwa sababu ya samaki ni jambo zito katika kijiji kidogo.

Mfano unaotajwa kama njia nyingine ni ule wa Anaa, atolli ya Polinesia ya Kifaransa, ambako wakazi wanamla samaki huyu na pia wanapokea wavuvi wageni. Huko jamii ilirudisha desturi ya rahui, yaani kufunga sehemu ya bahari kwa muda kwa makubaliano ya wenyeji, ili msafara wa kutaga upite bila kuguswa. Nje ya muda huo samaki huvuliwa na kuliwa kama kawaida.